Dawa inayovuja polepole ndani ya kisima cha mafuta

Birika linalochemshia maji ya chumvi kila siku hujenga ukoko mweupe ndani. Kisima cha mafuta nacho hushikwa na ukoko, ila chenyewe huenda kilomita mbili, tatu chini ya ardhi. Hakuna wa kuingia kuukwangua.

Katika eneo la Miller, Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, kisima kimoja kilikuwa kikitoa mapipa 30,000 kwa siku. Ndani ya saa 24 kikafika sifuri. Maji ya bahari yanayosukumwa chini ili kuyapandisha mafuta yana salfeti, na maji yaliyomo mwambani yana bariamu. Yakikutana, huzaa jiwe gumu ambalo hata asidi hailiyeyushi.

Dawa ya kulizuia ipo, na mara nyingi gramu chache hutosha lita 1,000 za maji. Tatizo ni kwamba gramu hizo zinatakiwa muda wote. Ukiimwaga dawa yote kwa mkupuo, huondoka na maji.

Basi mafundi husimamisha kisima, huisukuma dawa hadi ndani ya mwamba na kuiacha kwa saa kadhaa inate kwenye mawe. Kikifunguliwa, maji yanayopita huichukua kidogo kidogo kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Njia nyingine ni punje za dawa zilizovikwa ganda, zinazodondoshwa hadi kitako cha kisima. Wasikilizaji wetu waliowahi kutumia mbolea ya punje inayoyeyuka taratibu wataelewa upesi: maji hupenya ganda, dawa huvuja. Joto likizidi huvuja haraka, hivyo ganda huchaguliwa kulingana na kisima.

Wanajuaje imekwisha? Hupima maji yanayopanda. Kiwango kikishuka, wanarudia kabla jiwe halijaanza.

Huku kwetu, mafuta ya Ziwa Albert nchini Uganda yana adui mwingine, nta, ambayo huganda mafuta yakipoa. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa la kupashwa joto.

Tusisahau mabomba yaliyochakaa. Ukoko wa bariamu huweza kubeba radiamu, yenye mionzi. Ukiuziwa bomba kuukuu la kisima cha mafuta kama chuma chakavu, usilichomelee geti wala kulikwangua kabla wataalamu wa mionzi hawajalipima.