ANAYETULAZA USINGIZI NAYE ARUDI DARASANI

Mashine ikikata mkono wa mwenzetu, au mama wa shambani akipelekwa kupasuliwa ili ajifungue, sote twauliza: daktari wa kupasua ni nani? Habari za yule anayempa nusu kaputi hatuulizi. Naye ndiye aliyeshika pumzi ya mgonjwa.

Katika Afrika Mashariki kazi hii hufanywa zaidi na wauguzi na maafisa tabibu, na wilayani wengi wao wako peke yao. Mpira wa hewa ukiingia njia ya chakula badala ya njia ya pumzi, dakika chache zatosha kuharibu ubongo. Mtu aliyesoma zamani, hana mwenzake wa kumsahihisha, atajuaje amesahau nini?

Miaka ya 1970 Mjapani Takuo Aoyagi alivumbua njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga na mapigo ya damu. Leo kifaa hicho hubanwa kidoleni, nacho hulia. Oksijeni ikishuka, mlio nao hushuka. Lakini kifaa hulia tu. Wa kutenda ni mtu. Ndiyo maana mwaka 2011 nchini Uganda yalianza mafunzo ya siku 3 yaitwayo SAFE, kwa watoa usingizi wa wazazi. Hatari hufanyiwa mazoezi kwa sanamu kwanza.

Sisi tumedai likizo ya masomo yenye mshahara kwa watu hawa katika hospitali za mashamba. Mwajiri mmoja alitujibu: akienda kozi, chumba cha upasuaji kitafungwa. Tukamwambia, basi umekiri mwenyewe kwamba unaye mmoja tu.