Majani Mazima Kwenye Glasi ya Chai

Je, wajua kwamba kikombe cha chai kiliwahi kueleza kwa nini mito hujipinda? Mtu akitia majani ya chai kwenye glasi, akamimina maji ya moto, akakoroga na kutoa kijiko, majani huzunguka pamoja na maji. Kwa kuwa kila kinachozungushwa hukimbilia nje, mtu angetegemea machicha yarundikane pembeni. Sivyo. Maji yanapopunguza mwendo, machicha hujikokota taratibu juu ya kitako cha glasi hadi yakajikusanya katikati kabisa.

Albert Einstein alilitafutia jambo hilo maelezo, na Januari 1926 akayasoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia, mjini Berlin. Maji ya chini husuguana na kitako, kwa hiyo huzunguka polepole kuliko ya juu, na msukumo wake wa kwenda nje hupungua. Maji ya juu yenye kasi ndiyo yanayoshinda: husogea nje, hushuka pembeni, hupita chini kuelekea katikati, kisha hupanda. Mkondo huo usioonekana huyakokota majani. Yakifika katikati, yameshalowa na ni mazito, hayawezi kupanda nao. Mtoni mambo ni yale yale. Kwenye kona, mkondo wa chini huutoa mchanga ukingo wa nje na kuuacha ukingo wa ndani, na kona huzidi kujipinda mwaka hadi mwaka. Anayepita kwa ndege juu ya Mto Tana, kule unakokaribia Bahari ya Hindi, huiona kazi hiyo kona baada ya kona.

Chai ya kifuko haionyeshi lolote kati ya haya.

Raha nyingine ni kulitazama jani lenyewe likirudi katika umbo lake. Chai bora huchumwa majani mawili na kichipukizi. Kiwandani majani hunyaushwa ili yalegee, kisha husokotwa. Kusokotwa huko huvunja chembe hai za jani, vimeng'enya vikakutana na katekini na oksijeni, na ndipo theaflavini na thearubijini zinapozaliwa: ya kwanza huipa chai mng'ao na ukali mzuri ulimini, ya pili huipa wekundu na uzito. Chai ya kijani hutoka kwenye mmea huohuo, ila jani hupashwa moto mapema ili vimeng'enya vife. Ndani ya buli msokoto hufunguka. Baada ya dakika tatu au nne mtu huweza kuona vimeno vidogo kwenye kingo za jani, mshipa wake wa kati, na pengine kichipukizi bado kimejifunga.

Wengi Afrika Mashariki hawajaiona picha hiyo, ingawa mmea umeota Limuru, Kenya, tangu 1903. Sababu ni mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Assam, William McKercher alibuni roli zenye meno, zinazozunguka kwa kasi tofauti, zinazoponda, kurarua na kuviringisha jani likawa punje. Karibu chai yote ya Kenya hutengenezwa hivyo. Punje hizo hutoa rangi upesi na kwa nguvu, na kwa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki hakuna kilicho bora kuzishinda: protini za maziwa huzishika tanini, ukali ukatulia, na ladha bado inabaki. Lakini kwa chai ya rangi, inayonywewa taratibu jioni bila haraka, majani mazima yanastahili gharama yake. Hutoa ladha kidogokidogo, na machicha hayatupwi baada ya mkupuo mmoja. Chai ya oolong ya Fujian, China, iliyofinyangwa vidonge, humiminiwa maji mara kadhaa, na kila mmimino una harufu yake.

Maji nayo yana neno. Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hufika nyuzi 94 tu, hivyo chai nyeusi huko ifunikwe na kuachwa dakika moja zaidi. Chai ya kijani hutaka maji yaliyopoa hadi nyuzi 80 au chini ya hapo, la sivyo huwa chungu.

Na limau? Matone machache hufanya chai nyeusi ipauke papo hapo, maana thearubijini hubadilika rangi zikikutana na asidi. Chai ya zambarau, aina iliyozalishwa na watafiti wa Kericho na kutolewa kwa wakulima mwaka 2011, hufuata njia yake: rangi za asili ziitwazo anthosianini zilizomo huigeuza ielekee waridi.