Mguu kifundo: kisu cha dakika chache, viatu vya miaka minne

Mtoto amezaliwa usiku katika kituo cha afya cha kijijini. Amelia vizuri, ananyonya, na uzito wake ni wa kawaida. Asubuhi mama anapofungua kitenge alichomfunika, anaona unyayo wa mguu wa kulia umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu, na vidole vinatazama mguu wa pili. Bibi anakaa kimya. Jirani mmoja ananong'ona habari za laana. Mwingine anatuliza: wasubiri tu, mguu utajinyoosha mtoto akianza kutembea.

Mguu huo hautajinyoosha. Mtoto akianza kutembea, atakanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu, kisha kwa mgongo wake. Ngozi itaota sugu na vidonda, viatu vya kawaida havitamkaa, na njia ya kwenda shule itakuwa ndefu kwake kuliko kwa wenzake. Lakini akifikishwa mapema kwa mganga aliyefundishwa, mtoto huyohuyo anaweza kukimbia na kucheza mpira, na mgeni asijue kwamba alizaliwa hivyo.

Hali hiyo huitwa mguu kifundo. Waganga wengi wa Congo huijua kwa jina la Kifaransa, pied bot. Duniani humpata takriban mtoto 1 kati ya 800 hadi 1,000 wanaozaliwa. Wavulana huipata karibu mara mbili zaidi ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huwa nayo kwenye miguu yote miwili. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba watoto wapatao milioni nne huzaliwa kila mwaka, hesabu hiyo ina maana ya maelfu ya watoto wapya kila mwaka.

Si laana, wala si kosa la mama

Kwa watoto wengi chanzo kamili hakijulikani, ingawa urithi wa familia una sehemu yake. Kinachojulikana ni kile kilichotokea ndani ya mguu. Mtoto alipokuwa tumboni, kano na nyuzi zinazoshika mifupa upande wa ndani na wa nyuma wa kifundo zilikuwa fupi na ngumu. Zikaivuta mifupa midogo ya mguu ikakaa vibaya. Chakula alichokula mama, kazi aliyoifanya shambani au ugomvi wa familia havihusiki.

Mkunga anaweza kuutambua mguu huo siku ileile ya kuzaliwa, bila mashine. Wapo watoto wanaozaliwa na mguu uliopinda kwa sababu tu ulibanwa tumboni. Huo ni mlaini, na ukisukumwa taratibu kwa mkono hurudi mahali pake. Mguu kifundo ni mgumu na haukubali kunyooka. Anayeona ugumu huo anapaswa kuandika barua ya kumtuma mtoto hospitalini kabla mama hajarudi nyumbani. Mara nyingi barua hiyo ndiyo inayokosekana, na miaka inapita.

Wakati wa kisu kikubwa

Kwa miaka mingi ya karne ya 20, wapasuaji wengi waliamini kwamba mguu wa namna hii unahitaji upasuaji mkubwa. Mtoto alipewa dawa ya usingizi, mguu ukafunguliwa nyuma na upande wa ndani, kano zikarefushwa, na nyuzi za maungio zikakatwa moja baada ya nyingine hadi mifupa ikubali kupangwa. Mtoto alipotoka chumba cha upasuaji, mguu ulionekana umenyooka, na wazazi walifurahi.

Shida ilikuja baadaye. Watoto hao walipofuatiliwa hadi utu uzima, wengi walikutwa na miguu migumu, dhaifu na yenye maumivu. Kila palipokatwa, kovu lilijikaza. Baadhi walipasuliwa mara ya pili na ya tatu, na kila upasuaji uliongeza kovu jingine juu ya lile la kwanza.

Aliyefungua njia nyingine ni Ignacio Ponseti. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, mtoto wa fundi saa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake alitibu majeruhi upande wa Jamhuri, na baada ya kushindwa alikimbilia Ufaransa, kisha Mexico. Mwaka 1941 alifika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Huko aliichunguza miguu iliyokuwa imepasuliwa zamani, akaona madhara ya makovu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza kunyoosha mguu wa mtoto mchanga kwa mikono na plasta.

Kwa miongo kadhaa wapasuaji wengi hawakumfuata. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1990, wazazi walipoanza kupashana habari kwenye intaneti na kuwauliza madaktari kwa nini watoto wao wakatwe. Ponseti alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95, na njia yake ikiwa ndiyo ya kwanza kutumika katika nchi nyingi. Tarehe yake ya kuzaliwa, 3 Juni, leo ni siku ya kimataifa ya mguu kifundo.

Plasta kila wiki

Matibabu yanaweza kuanza katika wiki za kwanza za maisha, wakati mguu bado ni laini. Mganga anashika mguu kwa mikono miwili, anaweka kidole gumba juu ya mfupa ulio upande wa nje, mbele ya kifundo, na kuusukuma unyayo kuelekea nje polepole, bila kumliza mtoto. Kisha msaidizi anazungusha bandeji ya plasta kutoka vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Plasta ikiishia chini ya goti huteleza na kutoka, na kazi ya wiki nzima hupotea.

Baada ya siku tano hadi saba plasta inaondolewa, mguu unanyooshwa tena kidogo, na plasta mpya inawekwa. Kwa kawaida watoto huhitaji plasta nne hadi saba.

Kazi hii ina mpangilio wake. Kwanza hunyooshwa tao la unyayo lililokunjika kupita kiasi, kisha mguu hutolewa nje hatua kwa hatua. Kisigino kilichopanda hushughulikiwa mwisho kabisa. Mganga mwenye haraka anayeusukuma mguu juu kabla ya wakati anaweza kuuvunja umbo katikati, unyayo ukawa wa mviringo kama tako la mtumbwi. Kosa hilo ni gumu kulirekebisha.

Kisu kidogo

Baada ya plasta hizo, mguu umetoka nje vizuri, lakini kwa watoto wengi kisigino bado kimevutwa juu. Kinachokivuta ni kano ya kisigino, ule mshipa mgumu tunaoushika nyuma ya mguu juu ya kisigino. Hapo ndipo kisu kinapoingia.

Mguu unasafishwa na mtoto anachomwa sindano ya ganzi. Msaidizi anaukunja mguu kuelekea juu ili kano ikaze. Mpasuaji anaingiza kisu chembamba karibu sentimita moja juu ya kisigino na kuikata kano yote. Inapokatika, mkono unahisi imeachia, na mguu unapanda papo hapo nyuzi 15 hadi 20 zaidi. Yanatoka matone machache ya damu. Kidonda ni kidogo mno na hakihitaji kushonwa. Plasta ya mwisho inawekwa na kukaa wiki tatu.

Wazazi wengi hushtuka wakisikia kwamba kano inakatwa moja kwa moja. Wanauliza mtoto atatembeaje. Jibu ni kwamba katika umri huo kano hujiunga upya ndani ya zile wiki tatu, safari hii ikiwa na urefu unaotakiwa. Ndiyo maana plasta hiyo haipaswi kuondolewa kabla ya siku zake. Pamoja na udogo wake, si kazi ya kila mtu mwenye kisu: mshipa wa damu na neva hupita karibu sana, na anayekata lazima awe amefundishwa.

Viatu ambavyo mtoto hatembei navyo

Siku plasta ya mwisho inapotoka, mguu umenyooka, na familia hudhani safari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza nusu yake ndefu inaanza. Mtoto anavalishwa viatu viwili vilivyofungwa kwenye fito moja, vidole vikitazama nje. Kwa miezi mitatu ya kwanza anavivaa saa 23 kwa siku. Baadaye anavivaa wakati wa kulala tu, usiku na mchana, hadi atimize miaka minne au mitano.

Mguu ulionyooshwa bado una tabia ya kurudi ulikotoka, na kuacha viatu mapema ndiyo sababu kubwa ya kurudi huko. Mtoto hulia siku za kwanza, majirani humhurumia, baba husema anateswa, na mama anachoka. Viatu vinawekwa juu ya kabati. Baada ya miezi michache kisigino kinaanza kupanda, na familia inarudi kwenye plasta. Mtoto akiwa na miaka mitatu hivi na mguu bado unageukia ndani anapotembea, huenda mpasuaji akahitaji kuihamisha kano moja ya mbele ya mguu kuipeleka upande wa nje, ili ivute sawasawa.

Viatu hivyo si lazima vitoke ng'ambo. Nchini Uganda, fundi wa vifaa vya viungo Michiel Steenbeek alibuni aina inayotengenezwa kwa ngozi, mbao na chuma, vitu ambavyo karakana ya mjini inaweza kuvipata sokoni. Uganda hiyohiyo, pamoja na mpasuaji wa mifupa Shafique Pirani wa Kanada, ilionyesha jambo jingine: kwamba wahudumu wa afya wasio madaktari, wakifundishwa vizuri, wanaweza kuweka plasta na kupata matokeo mazuri. Kwa nchi yenye wapasuaji wachache wa mifupa kama Congo, hilo ni somo la jirani wa karibu.

Kwa waliochelewa

Mtoto wa miaka miwili, mitano au hata zaidi asikatiwe tamaa. Plasta bado zinaweza kuusogeza mguu wake, ingawa zitakuwa nyingi zaidi na kazi ya kisu inaweza kuongezeka.

Kwa kijana aliyekwisha kukua na kutembea miaka kwa mgongo wa mguu, mifupa yenyewe imegeuka umbo. Hapo mpasuaji anaweza kutoa vipande vya mfupa na kuunganisha maungio matatu yaliyo chini ya kifundo yawe mfupa mmoja. Mguu unakaa chini vizuri na kuvaa kiatu, lakini unabaki mgumu, na kutembea kwenye mawe kunakuwa na taabu. Njia nyingine ni fremu ya duara za chuma iliyobuniwa na Gavriil Ilizarov katika mji wa Kurgan, Urusi. Nyaya hupitishwa kwenye mifupa, na nati hukazwa kidogo kidogo kila siku hadi mguu usogee. Matibabu hayo huchukua miezi, yanahitaji kusafisha vidonda vya nyaya kila siku, na mgonjwa asikae mbali na hospitali.

Kijana huyo angetibiwa akiwa mchanga, angehitaji bandeji, unga wa plasta na kisu kidogo.

Gharama iliyo njiani

Kwa familia nyingi za Kivu, Ituri au Tanganyika, kikwazo kikubwa ni barabara. Plasta sita ni safari sita, kwenda na kurudi, kwa pikipiki, juu ya mgongo wa mama ambaye ana watoto wengine nyumbani na shamba linalomngoja. Mapigano yanapofunga njia, plasta hubaki mguuni wiki mbili au tatu, au familia humwondolea mtoto nyumbani na kuachia hapo. Tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, kusafiri kati ya miji na vijiji kumekuwa kugumu zaidi kwa wengi.

Hata hivyo miji hiyo ina historia ndefu ya kazi hii. Hospitali ya HEAL Africa ya Goma ilianzishwa na mpasuaji wa mifupa, Jo Lusi, pamoja na mke wake Lyn. Kituo cha Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu vimehudumia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi, vikisaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR). Mzazi asiyejua pa kuanzia anaweza kuulizia kwenye vituo kama hivyo, au kwenye hospitali kuu ya eneo lake.

Mama anayepewa plasta ya kwanza aondoke na mambo matatu kichwani. Aangalie vidole vya mtoto: vikivimba, vikibadilika rangi au kuwa baridi, arudi hospitalini mara moja, hata ikiwa ni usiku. Plasta isiloane. Na siku atakapokabidhiwa viatu vya fito, nyumba nzima isikie maelezo, baba na bibi wakiwemo, kwa sababu wao ndio watakaoombwa na mtoto anayelia wavifungue.