Ujumbe Mfupi, Kusubiri Kurefu

Mwaka 1984 herufi moja ilikuwa mzigo mzito. Mtu aliyekuwa akitumia kompyuta ya mbali alipobonyeza "a", herufi hiyo ya baiti 1 ilisafiri ikiwa imefungiwa baiti 40 za anwani na maelezo ya njiani. John Nagle, mhandisi wa Ford Aerospace nchini Marekani, aliona laini nyembamba zikizidiwa na vipakiti vya namna hiyo. Januari mwaka huo akaandika kanuni ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Aliyewahi kukaa ndani ya daladala stendi ataielewa mara moja. Pakiti ni gari, herufi ni abiria. Gari la kwanza linaondoka hata na abiria mmoja. La pili halitoki mpaka lijae, au mpaka ije habari kwamba la kwanza limefika. Katika mfano wa Nagle mwenyewe, herufi 25 zilikwenda kwa pakiti 2 badala ya 25.

Kasoro ilitokea upande wa pili. Wataalamu wengine wa miaka hiyohiyo, nao kwa nia njema, waliamua kwamba mpokeaji asirudishe risiti, yaani ile habari ya kufika, papo hapo. Angoje kidogo, huenda ana jibu la kutuma, risiti ipande humohumo. Kungoja huko hufika milisekunde 200 kwenye mifumo kadhaa. Kwenye Linux mara nyingi ni 40.

Sasa ziweke kanuni hizo mbili katika programu ya kutuma ujumbe. Programu inaandika kwanza baiti 4 zinazotaja urefu wa ujumbe, kisha, kwa amri ya pili, neno lenyewe: "Nimefika." Baiti 4 zinaondoka. "Nimefika" linazuiwa, maana risiti haijarudi. Mpokeaji naye amepata urefu bila ujumbe, hana cha kujibu, basi anaikalia risiti. Wanangojana, na laini haina hata pakiti moja! Kwa milisekunde 200 kila safari, programu inayosubiri jibu kabla ya kutuma tena haivuki jumbe 5 kwa sekunde, hata kompyuta zote mbili zikiwa meza moja.

Dawa inayotajwa sana ni TCP_NODELAY, swichi inayozima kanuni ya Nagle kwa mstari mmoja tu. Lugha ya programu ya Go huiwasha yenyewe. Lakini swichi peke yake ni nusu ya tiba, kwa sababu programu inayoandika vipande vipande itarudi kumwaga vipakiti vilevile vya 1984. Kwanza urefu na maneno vikusanywe pamoja, viandikwe kwa amri moja, swichi ifuate.

Nagle mwenyewe ameshasema hadharani kwamba mkosaji hasa ni risiti inayocheleweshwa. Hata hivyo, katika mifumo mingi ya kompyuta kanuni zote mbili bado huja zimewashwa, na mtengeneza programu asiyegusa chochote huzipata zote.