Kufundisha Utiaji wa Vitunguu Saumu katika Siki

Katika somo la sayansi kimu, wanafunzi wengi hudhani kuwa chakula kilichofungwa kisipate hewa hakiwezi kuharibika. Dhana hii ni ya hatari. Bakteria wa botulizimu, ambaye spora zake hukaa udongoni na hustahimili maji yanayochemka, hustawi mahali pasipo hewa wala asidi ya kutosha. Na jicho na pua havitoshi kuitambua sumu yake. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula mkahawani chakula kilichotiwa vitunguu saumu vilivyokaa katika mafuta nje ya jokofu.

Yafaa basi tuanze na swali: ni kipi kiilindacho achari, kifuniko au siki? Kisha wanafunzi wamenye punje, wazioshe, wachemshe siki yenye asidi ya asilimia 5 bila kuizimua, na kuimimina chupani hadi punje zote zizame. Chupa ikae ndani ya jokofu. Pasipo jokofu, itengenezwe ya kuliwa siku hiyo hiyo. Punje zikigeuka rangi ya buluu, tueleze kuwa badiliko hilo halina madhara.

Chupa ya mafuta isitengenezwe kwa majaribio. Mchoro ubaoni watosha. Somo limeeleweka pale mwanafunzi anapoeleza sababu ya siki, wala si anapokariri hatua.