Barua pepe za ofisi: kiraka kilitoka, wezi wakawahi

KAMPUNI nyingi zinazoendesha barua pepe, kalenda na nyaraka zake kwenye seva yake yenyewe hufanya hivyo ili kubana matumizi. Gharama moja ambayo husahaulika kwenye hesabu ni ya mtu wa kufuatilia marekebisho ya programu kila yanapotoka. Tukio la programu ya Zimbra mwaka 2023 linaonyesha uzito wa gharama hiyo.

Zimbra imepita mikononi mwa wamiliki wengi. Yahoo iliinunua mwaka 2007 kwa dola milioni 350, ikaiuza kwa VMware mwaka 2010, ikaenda kwa Telligent mwaka 2013, na mwaka 2015 ikafika Synacor ya Buffalo, Marekani. Synacor iliingia soko la hisa la Nasdaq Februari 2012 kwa dola 5 kwa hisa. Mwaka 2021 Centre Lane Partners iliinunua yote kwa dola 2.20 kwa hisa na kuiondoa sokoni. Anguko hilo halihusiani na hitilafu inayoelezwa hapa, ambayo ilijulikana baadaye. Lakini tangu hapo hakuna bei ya hisa ya kumshtua mtu pale programu inapopata matatizo.

Mwishoni mwa Juni 2023, kikosi cha Google kinachofuatilia wadukuzi kiligundua hitilafu iliyosajiliwa kwa namba CVE-2023-37580. Ni ya aina ambayo wataalamu huiita kwa kifupi XSS, na si ngumu kuielewa. Chukua karani wa ghala anayesoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye hati anayoletewa, bila kuhakiki. Mjanja akichomeka mstari wake, "toeni magunia yote", wapakiaji watatii kwa kuwa sauti ni ya karani wao. Seva ya Zimbra ilikuwa karani huyo. Mfanyakazi alitumiwa kiungo chenye amri zilizofichwa. Akikibonyeza akiwa ndani ya barua pepe yake, seva ilizirudisha amri hizo kama zake, na kompyuta ya mfanyakazi ikazitekeleza. Neno la siri halikuhitajika.

Dawa ilikuwa ndogo ajabu. Tarehe 5 Julai marekebisho yaliwekwa hadharani kwenye Github. Tarehe 13 Julai wateja walitangaziwa wabadilishe kwa mkono mstari mmoja wa programu. Kiraka rasmi kilitoka tarehe 25 Julai.

Kasoro ni kwamba mabadiliko yaliyowekwa hadharani husomwa pia na wezi. Google ilihesabu mashambulizi ya makundi manne. La kwanza, huko Ugiriki, lilitangulia marekebisho. Mengine matatu yalifuata baada ya tarehe 5 Julai: moja lililenga Moldova na Tunisia, jingine Vietnam, na la mwisho Pakistan, ambalo lilikuja mwezi Agosti, kiraka rasmi kikiwa kimeshatoka.

Waliolengwa walikuwa ofisi za serikali. Hata hivyo kilichofanyika Ugiriki kinamhusu moja kwa moja mwagizaji wa bidhaa: amri zile zilichota barua na viambatisho, kisha zikaweka agizo la kupeleka nakala za barua kwenye anwani ya mwizi. Anayesoma barua za mwagizaji na muuzaji wake wa Dubai au Guangzhou anajua kiasi cha ankara na siku ya malipo. Barua ya "akaunti yetu ya benki imebadilika" inahitaji tu kufika siku hiyo.

Kwa mwenye hisa, swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu ni jepesi: kiraka cha mwisho kilichukua siku ngapi kufika kwenye seva ya kampuni? Mkurugenzi asiye na jibu ametoa jibu.

Mfanyabiashara mdogo aliyemwajiri fundi wa kuja mara moja kwa miezi mitatu anafaa kuutazama upya mkataba huo, maana hapa wiki tatu zilikuwa nyingi. Kiraka pia hufunga tundu tu. Agizo la kupeleka nakala likishawekwa hubaki kwenye mipangilio ya akaunti mpaka mtu alione na kulifuta, kwa hiyo akaunti za wahasibu na za wanaoagiza mizigo ndizo za kukaguliwa kwanza.