Karatasi ya Karanga

Mtu ashukaye Kwa Sadala kutoka katika gari litokalo Moshi, akavuka barabara kuu iendayo Arusha na kuingia sokoni penye ndizi, maharage na nguo za mitumba, asistaajabu akimwona mzee aliyesimama kando ya ungo wa karanga, miwani imeshuka puani, akisoma kwa utulivu mkubwa karatasi iliyosokotwa mfano wa pia, ilhali karanga zenyewe amezimimina mfukoni mwa koti. Kwa maana mzee huyo ni mimi, na karanga sikuzitaka sana.

Naona ni insafu nikiri mapema kwamba maradhi haya ni ya kale. Nyumba ya babu yangu mzaa mama, iliyokuwa juu huko Masama katikati ya migomba na mibuni, ilizibwa nyufa za kuta zake kwa magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga wa mahindi, na aliyeyagandisha, kwa kuwa hakujua kusoma wala hakuona sababu ya kujali, aliyabandika mengine wima, mengine ubavu, na mengine kichwa chini. Palikuwa na Komkya, gazeti la Baraza la Wachagga la miaka ya 1950, ambalo jina lake maana yake ni kumekucha. Palikuwa na Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali mwaka 1923. Na karibu na mlango palikuwa na Uhuru, lililozaliwa mwaka 1961 pamoja na uhuru wenyewe. Nililazwa na homa katika chumba kile, na kwa kuwa homa haina haraka na ukuta hauna pa kwenda, niliusoma ukuta wote, kisha nikaurudia. Tangu siku hizo nasoma herufi zilizopinduliwa kwa wepesi ule ule wa herufi zilizosimama, karama ambayo haijanifaa kitu ila katika ofisi za watu, ambako karani aketiye ng'ambo ya meza hudhani kwamba barua iliyo mbele yake ni siri yake peke yake.

Husimuliwa kwamba Al-Jahiz, mwandishi mashuhuri wa Basra aliyefariki katika karne ya 9, alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu nyakati za usiku ili akeshe humo akisoma, na wapo wasimulizi waongezao kwamba kilichomwua uzeeni ni rundo la vitabu vyake lililomwangukia. Mauti ya namna hiyo ni adhama ambayo mimi sina tamaa nayo, maadamu mali yangu yote ya vitabu inaenea katika kabati moja na makasha mawili ya sabuni, na ikiniangukia itanivunja kidole labda. Msomaji wa huku kwetu hakulelewa na wingi. Alilelewa na uhaba, na aghalabu ya tabia zake, hata zile zichekwazo na watu wa nyumbani mwake, ni makovu ya uhaba huo.

Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nchi iliingia darasani na wazee wake; bibi yangu, aliyekuwa akitia dole gumba kila alipotakiwa kutia sahihi, alijifunza kuandika jina lake na akaliandika hata juu ya mlango wa zizi. Lakini wasomaji walizaliwa wengi kuliko kurasa. Karatasi ilikuwa adimu, na riwaya moja ilizunguka kijiji kizima kwa zamu kama dume la kukodisha, ikirudi kila mara imepungua kidogo. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, ilinifikia ikiwa imepita katika mikono tisa au kumi, haina jalada, na kurasa zake za mwisho mtu mmoja, Mungu amsamehe, alikwisha kuzisokotea tumbaku. Kwa miaka sita shujaa wake, Willy Gamba, aliishi kichwani mwangu kwa miisho minne mbalimbali, na tulipokwenda tambarare kukata majani ya ng'ombe niliwasimulia wenzangu mwisho nilioupenda siku hiyo, kwa ujira wa kipande cha muwa. Mwenzetu mmoja alipobahatika kuisoma riwaya nzima mjini Moshi alirudi kunishutumu kwamba nilimdanganya. Sikuona kosa langu: kipande kimoja cha muwa alilipa, miisho minne alipata. Hata hivyo kovu lilibaki, na mpaka leo sinunui kitabu kabla sijakigeuza nyuma na kuzihesabu kurasa za mwisho kwa kidole, macho nikiyaelekeza pembeni yasije yakaiba neno.

Vitabu nivipatavyo sasa kwa wauzaji wa Moshi wanaovitandaza chini juu ya turubai vimekwisha kupita mikononi mwa wanafunzi, na ni nadra kuiona Takadini ya Ben Hanson au Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo isiyojaa penseli pembeni: dhamira, mhusika bapa, hili hutoka kwenye mtihani. Tumewafundisha vijana wetu kuichuna hadithi kama mchinjaji amchunavyo mbuzi, kila kiungo na bei yake, kisha tukalalamika kwamba hawapendi kusoma. Lakini mimi huzisoma zile penseli kwa raghba kubwa, pengine kuliko kitabu chenyewe. Ninayo nakala moja ambayo mwenyewe wa kwanza aliandika dhamira, dhamira, dhamira, bila kuchoka, hata alipofika katikati akaandika neno moja tu, maskini, na tangu hapo hakuandika tena kitu mpaka mwisho. Mtihani alikwisha kuusahau. Sijui kama alifaulu, na ningempa alama zote.

Kitabu kikiingia nyumbani kwangu huvikwa kwanza kanzu ya karatasi ya mfuko wa saruji, iliyokung'utwa vumbi na kunyooshwa kwa pasi ya mkaa, na mgongoni huandikwa jina lisilo lake. Hila hiyo ina sababu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda, niliisoma mara ya kwanza ikiwa imevaa jalada la Hesabu, na ijapokuwa marufuku ile iliondoka zamani, na ijapokuwa mimi mwenyewe sasa ni mtu wa kuwapiga marufuku wengine, bado nimeificha nyuma ya vijitabu vya kilimo cha kahawa. Huko nyuma ndiko vilipo vitabu vyote vya thamani. Mgeni aketiye sebuleni kwangu hudhani kwamba nasoma habari za chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, mchana na usiku.

Mintarafu ya kuazimana vitabu, nina unafiki ambao sitautetea. Nikiombwa kitabu huugua ghafla, au funguo za kabati hupotea, au mke wangu husingiziwa kwamba amekipeleka kanisani. Lakini katika kabati hilo hilo kimo kitabu nilichokiazima kwa mwalimu wangu wa darasa la saba, kwa ahadi ya siku tatu, naye akahamishwa, kisha akafariki. Jina lake limo ndani kwa wino wa buluu. Kila kanzu yake ya saruji ichakaapo nakishonea nyingine, nadhani kwa njia ya kulipa riba.

Mahali pazuri pa kusomea nimepatafuta kwa bidii ya mtu atafutaye kiwanja, na baada ya kujaribu baraza, zizi na kivuli cha mparachichi, nimeridhika kwamba hapana pazidipo kiti cha dirishani katika gari la abiria, upande usiopigwa na jua. Mimi huenda maktaba ya mkoa mjini Moshi si kwa sababu ya vitabu vyake peke yake, bali kwa sababu safari ya kwenda na kurudi, pamoja na magari kushuka kwa uangalifu katika mabonde ya Weruweru na Kikavu, hutosha sura mbili. Ajali ya safari hizo ni moja. Siku nilipokuwa na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ile iliyoshinda shindano la uandishi kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, Bwana Msa, mpelelezi wake, alikuwa ndio kwanza amekiwasha kiko chake, na mimi nikawa nakivuta pamoja naye, hata niliposikia konda akisema kwa sauti ya huruma, "Mwalimu, Sadala tumeiacha," tulikuwa tunaingia Bomang'ombe. Nilimshukuru, nikashuka, nikamaliza sura nikiwa nimesimama kituoni. Sasa makonda wananijua. Mmoja hunigusa bega tufikapo njia panda ya Machame ili nipate nafasi ya kutafuta nukta ya kuishia.

Desemba ndio mwezi wa hatari. Wachagga waliotawanyika nchi nzima hurejea nyumbani kwa Krismasi, magari hujaa mpaka kwenye vihamba vya migomba, mbuzi huchinjwa, na vijana wasiojua kukunja mguu hukaa mbele ya kabati langu. Mwaka mmoja mpwa wangu atokaye Dar es Salaam alinicheka, akanionyesha simu yake, akasema kwamba ndani ya kioo kile mna vitabu vingi kuliko atakavyovisoma maishani mwake. Nikamwuliza amesoma vingapi, akasema atavisoma akipata nafasi. Lakini kijana huyo huyo alifungua begi na kunipa hidaya ya Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa tuzo ya Nobel, ikiwa mpya kabisa, kurasa zote zimo, haina penseli wala jina la mtu. Niliizunguka wiki nzima bila kuianza. Sikuzoea kuwa mtu wa kwanza.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi zilizokwisha tumika zimepata hadhi mpya sokoni kwetu, na mimi nimepata maktaba isiyo na kadi. Mama muuza karanga huninunia nikichagua mno, lakini huniwekea zilizochapwa, na zile za madaftari ya watoto huwapa wengine. Juma lililopita alinipa kipande cha hadithi ya mfululizo ya gazeti, ambamo mwanamke mmoja amesimama mlangoni usiku, ameshika taa, anasikia hatua nje, na karatasi ikachanikia hapo.

"Mama, na inayofuata?"

"Hiyo nimemfungia kijana wa bodaboda asubuhi, mzee wangu. Yule wa koti jekundu."

Nilikwenda kijiweni kwao, ambako pikipiki zilikuwa zimepangwa chini ya mti na vijana wanabishana habari za mpira, nikamkuta mwenye koti jekundu, nikamweleza shida yangu kwa aibu niliyoistahili. Hakucheka. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mafuta ya karanga.

"Nimeisoma mara mbili," akasema, "ila huyu anayegonga sijui ametoka wapi. Mzee, wewe unao mwanzo?"

Akanisogezea nafasi juu ya kiti cha pikipiki yake, tukabadilishana.